Ndege ya Kujiundia: Kuruka ni Nusu, Kurudi Salama Ndiyo Kazi

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari huko Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita. Mada niliyopewa ilikuwa matumizi ya fizikia katika maisha ya kila siku. Nilijiandaa kueleza habari za wenzo, roda na pampu za maji, vyombo ambavyo watoto wa nchi ya dhahabu huviona kila siku kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Lakini ulipofika wakati wa maswali, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Mwalimu, tumesikia kwamba fundi mmoja wa Tunduma ameunda helikopta kwa mikono yake mwenyewe. Kwa nini basi asiachiwe airushe? Je, sisi hatupendi wavumbuzi wetu?"

Wenzake walipiga makofi. Nilimjibu kwa maneno machache, maana kengele ilikuwa imekwisha kulia, na njiani kurudi Mwanza nilijiona nina deni. Makala haya ni malipo ya deni hilo. Nimeyaandika kwa ajili ya kijana yule, walimu wake, na kila mwanafunzi ambaye amewahi kutazama ndege ikipita juu ya mashamba ya pamba akasema moyoni kwamba hata yeye angeweza kuunda moja.

Si kosa kujiundia ndege

Kwanza yafaa ieleweke kwamba kuunda ndege nyumbani si wazimu wala si uhalifu. Ndege ya kwanza duniani yenye injini iliyoweza kuongozwa iliundwa na mafundi wa baiskeli, ndugu Wilbur na Orville Wright wa Dayton, Marekani. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa sekunde 12 na kwenda umbali wa mita 36 hivi. Hawakuwa na shahada ya chuo kikuu.

Baadaye, mwaka 1953, Mmarekani Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha watu wanaojiundia ndege. Leo ndege za namna hiyo zinaruka kwa maelfu katika nchi mbalimbali. Sheria za Marekani huziweka katika kundi la ndege za majaribio, na hutaka neno hilo liandikwe waziwazi mahali ambapo kila anayepanda ataliona. Abiria anaambiwa ukweli kabla hajakaa kitini.

Katika eneo letu pia majaribio hayakukosekana. Mwaka 2011 zilisikika habari za Chris Nsamba na wenzake waliokuwa wakiunda ndege uani kwa mama yake mjini Kampala. Huko Nyeri, Kenya, Gabriel Nderitu aliunda ndege nyumbani kwake akitumia injini ya gari. Na mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya abiria wanne, aina ya Sling 4, kutokana na vipande vilivyotengenezwa kiwandani, wakaisafirisha kutoka Cape Town hadi Cairo. Katika safari hiyo walipita Zanzibar na Tanzania Bara.

Safari hiyo ilikuwa na upande wa pili, nao twapaswa kuusema. Katika safari ya kurudi, mwezi wa Julai mwaka huo huo, ndege ndogo iliyokuwa ikiwasindikiza vijana hao ilianguka huko Tabora, na watu wazima wawili waliokuwa ndani yake wakafariki dunia. Siikumbushi ajali hiyo ili kumlaumu mtu. Naikumbusha kwa sababu Tabora ni jirani yetu, na kwa sababu inatuonyesha kwamba swali kubwa halikuwa kama ndege ndogo inaweza kuruka. Swali ni kama itaruka tena kesho, na keshokutwa, na kila mara imrudishe mwenyewe nyumbani.

Karasha likisimama, ndege ikisimama

Kharumwa ina mafundi hodari. Wapo wanaochomelea makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, wanaofufua injini za pampu, na wanaotengeneza pikipiki mchana kutwa katika vumbi la barabarani. Ustadi huu ni mali ya taifa. Lakini iko tofauti moja kubwa kati ya karasha na ndege, nayo si ya ustadi.

Injini ya karasha ikizimika, wafanyakazi huketi kivulini, fundi huitwa, na kazi huendelea kabla ya jioni. Pikipiki ikikatika mnyororo, mwenye nayo huisukuma hadi kwa fundi. Hivyo mafundi wetu wamezoea utaratibu wa kutengeneza kilichoharibika. Ndege haina kivuli cha kuketi. Kwa hiyo utaratibu wake ni kinyume: hutengenezwa kabla ya kuharibika. Kifaa huondolewa kingali kizima, kwa sababu saa zake za kazi zimetimia. Kwa fundi wa karasha jambo hilo ni ubadhirifu. Kwa fundi wa ndege ndilo linalomfanya azeeke.

Uchovu wa metali

Chukua kipande cha waya, ukikunje mara moja: hakikatiki. Ukikunje na kukikunjua mara nyingi, kitakatika hata kama kila mara ulitumia nguvu ile ile ndogo. Wahandisi huita jambo hili uchovu wa metali. Kila mtikisiko wa injini, kila wimbi la upepo na kila kishindo cha kutua ni mkunjo mdogo. Ufa huanza mahali pasipoonekana, kwa kawaida pembeni mwa tundu la boliti au kando ya mshono wa kuchomelea, kisha hukua polepole hadi siku moja kipande chote huachia.

Dunia ililipa gharama kubwa kulijua somo hili. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Uingereza aina ya Comet zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania. Wachunguzi walichukua ndege nyingine ya aina hiyo, wakaizamisha katika tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguzia mgandamizo mara maelfu kana kwamba inapaa na kutua, mpaka mwili wake ulipopasuka. Chanzo kilikuwa uchovu.

Mwanafunzi na aangalie pia tofauti ya metali zenyewe. Chuma cha pua kina kiwango cha mzigo ambacho, usipokivuka, kinaweza kustahimili mikunjo isiyo na idadi. Alumini haina kiwango hicho. Mizigo midogo nayo, ikirudiwa mara nyingi mno, mwishowe huichosha. Ndiyo maana anayejiundia ndege ya alumini hana budi kuhesabu saa zake za kuruka na kukagua viungo vyake kwa taa na kioo cha kukuza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye ndege asipouona ufa, hapati nafasi ya kujenga ukuta.

Vifungo navyo vina adabu yake. Nati ya kawaida hulegea kwa mtikisiko. Katika ndege kila nati muhimu hufungiwa kwa pini au waya, au huwa ya aina inayojikaza yenyewe, na hukazwa kwa spana inayopima nguvu. Kukaza kupita kiasi ni kosa sawa na kulegeza, maana boliti iliyovutwa mno imekwisha kuanza kuchoka kabla ndege haijaondoka chini.

Maji na barafu ndani ya injini

Injini nyingi za ndege ndogo huzimika si kwa sababu ya kuvunjika, bali kwa kukosa mafuta safi. Tangi lililoachwa nusu usiku kucha huvuta hewa yenye unyevu. Alfajiri hewa hiyo hupoa na kuacha matone. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.72 hivi, na lita ya maji ina kilo 1, kwa hiyo maji huzama chini ya tangi, mahali hasa panapotoka bomba la kwenda kwenye injini. Dawa yake ni rahisi: kila asubuhi, kabla ya kuwasha, chini ya tangi hufunguliwa kidogo, mafuta hukingwa katika chupa nyeupe na kutazamwa. Yakionekana matone au tabaka mbili, hukingwa tena hadi yatoke safi.

Jambo la ajabu zaidi ni barafu. Nani angeamini kwamba injini yaweza kuganda Kharumwa wakati wa mvua? Lakini petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na hewa inapopita kwenye koo jembamba hutanuka na kupoa. Halijoto ya mahali hapo yaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 20 na unyevu mwingi, ndani ya kabureta hufika kwenye kuganda. Barafu huziba njia, injini hukohoa, kisha hunyamaza. Ndege zenye kabureta huwekewa bomba la kuleta hewa ya moto kutoka karibu na ekzosi. Aliyehamisha injini ya pikipiki au ya gari kwenye ndege bila kulifikiria jambo hili amejitegea mtego.

Mizani kabla ya mabawa

Ndege hukaa hewani kama mzani. Uzito wote hukusanyika katika nukta moja, kitovu cha uzito, nayo hairuhusiwi kutoka nje ya mipaka aliyoiweka mbunifu. Ikienda mbele mno, pua huwa nzito na rubani hushindwa kuiinua wakati wa kutua. Ikirudi nyuma mno, ndege huinua pua yenyewe, kasi hupungua, na mabawa huacha kuibeba.

Tufanye hesabu ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Ndege tupu ina kilo 300, na kitovu chake kiko mita 1.80 kutoka kwenye ncha ya pua. Rubani ana kilo 75 na ameketi mita 2.00 kutoka hapo. Mafuta ni kilo 29 katika mita 2.40. Tukizidisha kila uzito kwa umbali wake, tunapata momenti 540, 150 na 69.6. Jumla ni 759.6. Tukigawanya kwa uzito wote, kilo 404, kitovu kiko mita 1.88. Ikiwa mpaka wa nyuma ni mita 1.92, tuko salama.

Sasa rafiki wa rubani anaomba aweke furushi la mchele la kilo 20 nyuma ya kiti, mita 3.20 kutoka kwenye pua. Momenti inaongezeka kwa 64 na kuwa 823.6, uzito unakuwa kilo 424, kitovu kinahamia mita 1.94. Tumevuka mpaka. Furushi hilo halikuongeza uzito wa ndege hata kwa asilimia 5, lakini limetosha kuiangusha. Urafiki haubadilishi momenti.

Hewa ya Kharumwa

Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kharumwa, anayeishi kwenye uwanda wa juu kusini mwa ziwa, yuko juu angani kabla hajapanda ndege. Tuchukue mita 1,200 kwa hesabu yetu. Kwa kawaida kanieneo ya hewa katika kimo hicho ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Ongeza joto la mchana la nyuzi 30, ambalo hutanua hewa, na densiti yake huwa kilo 1.01 katika mita moja ya ujazo, badala ya 1.225 ambayo wabunifu huichukua kama kipimo. Hiyo ni asilimia 82 tu.

Matokeo yake ni matatu. Kwanza, bawa lile lile katika kasi ile ile hunyanyua asilimia 82 tu ya mzigo wa pwani, hivyo ndege lazima ikimbie kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10 ndipo iondoke chini. Pili, injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Tatu, rafadha nayo hukamata hewa nyembamba. Matatu haya hujumlishwa. Ndege iliyonunuliwa kwa vipande kutoka nchi ya pwani, na kitabu chake kikisema yahitaji mita 300 za kuondokea, saa nane mchana Kharumwa yaweza kuzimaliza mita hizo magurudumu yakiwa bado ardhini. Rubani mwenye busara huruka alfajiri, hewa ikiwa baridi na upepo umetulia, naye hupima uwanja kwa hatua zake mwenyewe.

Mabadiliko ya kimyakimya

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji mashuhuri wa Marekani, John Denver, alikufa akiendesha ndege ya kujiundiwa aina ya Long-EZ. Hakuiunda yeye, aliinunua. Mbunifu alikuwa ameweka swichi ya kubadilisha tangi la mafuta mbele, katikati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda aliihamisha nyuma ya bega la kushoto, na haikuwa na alama za kuonyesha upande wa kila tangi. Wachunguzi waliona kwamba rubani alipogeuka kuishika, mafuta ya tangi moja yakiwa yamepungua, alishindwa kuiongoza ndege, ikatumbukia baharini. Fundi alikuwa na nia njema, na swichi yenyewe haikuvunjika. Lakini badiliko lake lilimngojea mtu mwingine.

Yako pia makosa ambayo ufundi bora hauwezi kuyaponya. Mwaka 1933 Mfaransa Henri Mignet alirusha ndege ndogo aliyoiita Chawa wa Angani, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kuiunda. Wengi huko Ulaya waliiunda kwa uangalifu, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1936 ndege nzima ziliwekwa katika handaki la upepo, yaani jumba linalopulizwa hewa kwa nguvu, huko Uingereza na Ufaransa. Ikaonekana kwamba pua ikiinama kupita kiasi fulani, bawa la mbele na la nyuma hushindana kwa namna ambayo rubani hawezi tena kuiinua. Boliti zote zilikuwa zimekazwa vema. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, na kufaulu kuruka mara kumi hakukulifuta.

Daftari ndilo jibu

Sasa naweza kumjibu kijana wa Kharumwa. Katika Tanzania, chombo cha angani hakiruki mpaka kiandikishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ithibitishe kwamba kinafaa kuruka. Mamlaka haimwulizi fundi kama ni hodari. Humwuliza: metali hii ilitoka wapi? Mshono huu ulipimwa kwa mzigo gani? Kitovu cha uzito kiko wapi? Injini imekimbia saa ngapi ikiwa imefungwa chini, na nani aliandika? Asiye na majibu hayo hajanyimwa haki. Bado hajamaliza kazi.

Hata Marekani, penye uhuru mkubwa wa jambo hili, ndege mpya ya kujiundia kwa desturi hurushwa saa 25 au 40 bila abiria, katika eneo lililotengwa mbali na makazi ya watu. Kwanza hukimbizwa chini polepole, kisha kwa kasi, kisha hukaguliwa upya. Baada ya hapo hukaguliwa kila mwaka, na kila neno huandikwa katika daftari la ndege: tarehe, saa, kilichoonekana, kilichobadilishwa, na sahihi. Helikopta huhitaji uangalifu zaidi ya huo, maana mabawa yake yenyewe huzunguka, na uchovu wa metali humo huenda mbio.

Ndugu Wright waliojua baiskeli walikuwa wa kwanza kuandika. Kabla ya kufunga injini walijenga handaki lao dogo la upepo mwaka 1901 wakapima maumbo mengi ya mabawa, na mwaka 1902 wakaruka mamia ya mara kwa nyiririko isiyo na injini. Na bado, tarehe 17 Septemba 1908, rafadha ya ndege yao ilipasuka angani, Luteni Thomas Selfridge akafa, na Orville akavunjika mguu. Ikiwa hao walipatwa, sisi tutajikinga kwa nini kama si kwa kukagua?

Walimu wenzangu, klabu ya sayansi haihitaji kuanza na ndege. Ianze na baiskeli moja ya shule na daftari moja. Kila Ijumaa wanafunzi wakague breki, mnyororo, spoki na nati, waandike walichokiona, na anayekagua atie sahihi. Wakunje waya za aina mbalimbali na kuhesabu mikunjo hadi zikatike. Wapime halijoto ya alfajiri na ya mchana, wakokotoe densiti ya hewa ya Kharumwa kwa miezi 12. Baada ya mwaka, wafungue daftari na kujiuliza: je, ungemkabidhi mdogo wako baiskeli hii ateremke nayo mlima mrefu kwa kutegemea maandishi haya tu? Siku watakapojibu ndiyo bila kusita, kijana wangu wa kidato cha tatu atakuwa amepiga hatua ya kwanza ya kwenda angani, nami nitapenda kuiona sahihi yake.